Lango, mlango na kilango katika Kigiriki cha kale: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi na watu wanaoanza kujifunza Kigiriki cha kale. Wengi wao wamevutwa na Agano Jipya, wachache wanapenda historia tu. Maneno ya Kigiriki nimeyaandika kwa herufi zetu: y isome karibu na i, na th kama kwenye thelathini. Enzi za Homer, mtunzi wa tenzi za kale za Kigiriki, yalitamkwa tofauti kidogo, lakini hilo halitatuzuia kuelewana.

Kigiriki cha kale kina maneno mangapi ya lango?

Yapo mengi, ila mawili ndiyo mama wa mengine yote: pyle (πύλη) na thyra (θύρα). Pyle ni lango la mji, la ngome au la kambi ya jeshi. Thyra ni mlango wa nyumba, wa chumba, wa kaburi au wa zizi. Pyle imezaa pylon, pylis, propylon na pyloros. Thyra imezaa thyris, thyreos na thyroros. Tutakutana na wengi wao hapa chini.

Mwenye Kiswahili ana bahati. Tunao mlango, tukiondoa m- tunapata lango, kitu kikubwa zaidi, na tukiweka ki- tunapata kilango. Mtaani siku hizi tunasema geti, lakini hata hapo hakuna anayeuita mlango wa chumba chake geti. Mpaka tulionao sisi kati ya mlango na geti ndio waliokuwa nao Wagiriki kati ya thyra na pyle. Ndiyo maana huniuma kuona tafsiri zetu mara nyingi zikiandika "mlango" kwa yote mawili. Neno la pili tunalo, ni letu, na halitumiki pale linapohitajika.

Mbona vitabuni naona "pylai" na "thyrai" kwa wingi, wakati linazungumzwa lango moja?

Kwa sababu lango moja lilikuwa na mbao mbili zilizokutana katikati. Mwenye kuuona mlango wa kuchonga wa Lamu au wa Mji Mkongwe anaelewa mara moja: ni mlango mmoja, lakini unafunguka kulia na kushoto. Wagiriki walizihesabu zile mbao, hivyo wakasema "malango" hata walipokuwa na lango moja tu mbele yao. Malango ya Skaiai ya Troya, ambapo shujaa Hektor anaagana na mkewe Andromakhe katika kitabu cha sita cha Iliadi, utenzi wa Homer juu ya vita vya Troya, ni lango moja lenye jina la wingi. Ukikutana na pylai, usikimbilie kudhani ni malango mengi. Tazama kwanza kinachozungumzwa.

Je, Wagiriki wenyewe waliona tofauti kati ya pyle na thyra, au ni walimu wa sarufi wanaotuchosha?

Waliiona, na kuna watu waliokufa kwa kuikosea. Kisa hiki kimo katika kitabu cha pili cha Thukydides, mwanahistoria wa Kigiriki, na ndicho ninachokitumia kila ninapofundisha somo hili.

Mwaka 431 KK, majira ya kuchipua, watu wa Thebai, mji wa Ugiriki, zaidi kidogo ya 300 waliingia usiku katika mji mdogo wa Plataia. Wasaliti wa ndani walikuwa wamewafungulia lango. Wenyeji waliamka wakidhani mji umekwisha kutekwa, kisha wakagundua wageni ni wachache. Wakatoboa kuta za nyumba zao kwa ndani ili wakusanyike bila kuonekana barabarani, wakaziba njia kwa magari ya kukokotwa, na kabla ya alfajiri wakashambulia. Mvua ilikuwa ikinyesha, ilikuwa mwisho wa mwezi, giza tupu, na wanawake na watumwa walikuwa juu ya mapaa wakirusha mawe na vigae. Wathebai wakakimbia kwenye matope, katika mji wasioujua vichochoro vyake.

Lango moja tu lilikuwa wazi, lile waliloingilia. Mplataia mmoja akaenda akalifunga. Hapa inabidi ujue lango lilivyofungwa: gogo la komeo, mochlos, lilipitishwa kwa ndani kukatiza mbao zote mbili, kisha pini ya chuma ikadondoshwa katika tundu ili gogo lisitoke. Pini hiyo iliitwa balanos, maana yake tunda la mwaloni, bila shaka kwa umbo lake. Yule mtu hakuwa na balanos, akachomeka chuma cha kitako cha mkuki. Ikatosha.

Waliobaki ndani wakatapatapa. Wengine walipanda ukuta wakajitupa nje, wengi wao wakafa. Wachache walifika kwenye lango lisilo na ulinzi, mwanamke mmoja akawapa shoka, wakakata gogo wakatoka. Lakini kundi kubwa lilikimbilia jengo moja lililoshikana na ukuta wa mji, ambalo milango yake ilikuwa wazi. Thukydides anaandika kwamba walidhani thyrai za jengo ni pylai, njia ya moja kwa moja kwenda nje. Waliingia wote na wakanaswa humo. Waliochukuliwa mateka walikuwa 180, na baadaye wakauawa.

Sentensi ile inategemea maneno mawili tu. Ukiitafsiri "walidhani milango ni milango" umeiua. Ukisema "walidhani milango ya jengo ni lango la mji", umeiponya.

Hiyo balanos iliaminika kweli?

Kwa kiasi. Aineias, aliyeandika kitabu cha kulinda miji katika karne ya nne KK, ana sura nzima kuhusu hila za makomeo. Mojawapo: msaliti anamimina mchanga katika tundu gogo linapowekwa, hivyo pini haishuki hadi chini, inabaki imechomoza, na usiku inavutwa kwa urahisi. Ushauri wake wote unarudi pale pale: kamanda alifunge lango mwenyewe na akague kwa macho yake. Walinzi wa geti wa leo wangemwelewa vizuri.

Pylon ni nini basi?

Ni lango pamoja na jengo lake: mnara, kipito chenye paa, chumba cha bawabu. Mara nyingine ni mlango mkubwa wa mbele wa nyumba ya tajiri, wenye ukumbi wake. Neno hili lina uzito katika Luka 16. Lazaro maskini amelazwa kwenye pylon ya yule tajiri. Luka ametumia neno linaloonyesha ukubwa wa nyumba: yule bwana ana lango, si mlango tu. Maskini yuko getini, na kila anayeingia na kutoka sharti ampite.

Ufunuo 21 nao unasema mji mpya una pylones kumi na mbili, kila mmoja ukiwa lulu moja, na malaika kwenye kila mmoja. Kwa kuwa ni majengo ya malango, malaika wana mahali pa kusimama, kama walinzi. Halafu mwandishi anaongeza kwamba hayatafungwa kamwe mchana, na usiku huko hakuna.

Wagiriki waliofika Misri waliyaita kwa maneno ya ukoo huu majengo makubwa ya mbele ya mahekalu, yale yenye minara miwili mipana iliyoinama kidogo kwa ndani. Wanahistoria wa mambo ya kale bado wanayaita hivyo, pyloni. Homer aliuita mji wa Thebai ya Misri, ambao leo ni Luxor, "wenye malango mia", akisema kila lango linatoa watu 200 wenye farasi na magari. Mwanahistoria Diodoros, katika karne ya kwanza KK, anataja maoni ya wengine kwamba mji haukuwa na malango mia, bali mahekalu yake yalikuwa na maingilio makubwa mengi. Mimi naona maelezo hayo yana akili. Mtu anayezikaribia pyloni za Karnaki, mahekalu ya huko Luxor, kwa mara ya kwanza hahesabu tena.

Na kilango?

Pylis. Ni kilango katika ukuta wa mji, cha kutokea kwa siri au kupitisha watu wachache bila kufungua lango kubwa. Aineias anataja pia ektomas, kilango kilichokatwa ndani ya ubao wa lango lenyewe. Nyumba niliyokulia ilikuwa na geti la bati la kupitisha gari, na ndani yake kijimlango cha watu, ambacho ilibidi uinamishe kichwa. Neno ektomas, "kilichokatwa", nililielewa siku ile ile nililolisoma.

Yesu alisema tuingie kwa mlango mwembamba au lango jembamba?

Yote mawili, inategemea unasoma wapi. Mathayo 7:13 ana pyle, Luka 13:24 ana thyra. Tafsiri ya Union inaandika mlango kote kuwili, na msomaji hadhani kuna tofauti.

Lakini tazama mazingira. Kwa Mathayo kuna njia: njia pana na njia nyembamba, na watu wengi wanaisafiri. Hiyo ni picha ya barabara iendayo mjini, na mwisho wake ni lango. Kwa Luka, mstari unaofuata una mwenye nyumba anayeinuka kufunga thyra, na watu wamebaki nje wakibisha, wakisema "tufungulie". Hiyo ni nyumba, ni karamu, ni usiku. Kwa mmoja hofu ni kupotea njia, kwa mwingine ni kuchelewa. Ningependa sana mhubiri anayesimama na mojawapo ya vifungu hivi ajue yuko barabarani au yuko barazani.

"Mlango wa kondoo" wa Yohana 5 ndio ule wa Yohana 10?

Hapana, na swali hili naulizwa na watu makini kabisa, kwa kuwa katika Kiswahili maneno yamefanana. Yohana 5:2 ina neno probatike, "-a kondoo", bila hata kutaja nomino. Msomaji anaongeza mwenyewe pyle, kwa sababu Nehemia katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale ana pyle hiyo hiyo ya kondoo, lango la Yerusalemu. Ni mahali mjini. Yohana 10 ina thyra ya kondoo, nayo ni mlango wa zizi, na Yesu anasema ndiye yeye. Kifungu cha kwanza kingeandikwa "lango la Kondoo" kwa herufi kubwa, mkanganyiko ungeisha.

"Milango ya kuzimu" inawezaje kulishinda kanisa? Lango hupigana?

Lango halipigani, lango huzuia. Maneno ya Mathayo 16:18 ni pylai hadou, malango ya Hades, na yalikuwa ya zamani mno Yesu alipoyasema. Katika kitabu cha tisa cha Iliadi, shujaa Akhile anamwambia mwenzake Odysseus kwamba anamchukia kama malango ya Hades mtu anayeficha jambo moja moyoni na kusema lingine. Homer anamwita mungu wa wafu pylartes, mfungaji lango, yaani yule ambaye akishakomea hakuna anayetoka. Katika Isaya ya Kigiriki, mfalme Hezekia aliyekuwa mgonjwa anaona anakwenda kwenye malango ya Hades. Ayubu 38:17 katika Kigiriki ina hata mabawabu: mabawabu wa kuzimu walipokuona, je, walitetemeka?

Kwa hiyo kilichomo ni mauti yanayofungia watu ndani. Ahadi ni kwamba komeo lile halitatosha. Wanaohubiri kwamba kuzimu inakuja kushambulia wanasema jambo ambalo neno lenyewe halilibebi.

Tundu ya sindano lilikuwa lango dogo la Yerusalemu, ngamia akipita kwa kupiga magoti?

Hapana. Hadithi hiyo imeenea sana kwetu, imesimuliwa mimbarini tangu utotoni mwangu, lakini hakuna ushahidi wa kale wa lango lenye jina hilo. Na Kigiriki kinasema wazi: wainjilisti wanatumia maneno yenye maana ya tundu lililotobolewa, pamoja na rhaphis au, kwa Luka, belone, sindano ya kushonea. Hakuna pyle, hakuna pylis, hakuna thyra. Kama wangetaka kusema kilango, neno lilikuwepo na lilijulikana. Ngamia ni ngamia na sindano ni sindano, na wanafunzi walishangaa kwa sababu hiyo hiyo.

Thermopylai ina uhusiano gani na malango?

Jina lake ni "malango ya moto", kwa sababu ya chemchemi za maji moto yenye kiberiti ambazo hata leo zinatiririka. Wagiriki waliita pylai njia yoyote nyembamba kati ya mlima na mlima, au kati ya mlima na bahari. Mwanahistoria Herodotos anasema Wagiriki wengi walipaita Thermopylai, lakini wenyeji na majirani walisema Pylai tu. Huko ndiko mfalme Leonidas na Wasparta 300 pamoja na wenzao walikowazuia Waajemi mwaka 480 KK. Leo udongo wa mto Spercheios umeisukuma bahari mbali, na ule wembamba hauonekani tena. Palikuwapo pia Pylai za Kilikia, ambazo Aleksanda Mkuu alizipita mwaka 333 KK, na Pylai za Kaspi. Nasi tunasema mlangobahari kwa mantiki ile ile.

Propylaia na Dipylon za Athene?

Propylaia ni "yaliyo mbele ya lango", maingilio ya Akropoli yaliyojengwa na Mnesikles kuanzia 437 hadi 432 KK. Yana milango mitano, na hayakumalizika. Dipylon ni "lango pacha": nje kulikuwa na lango, ndani lango jingine, na katikati ua ambamo adui angepigwa kutoka pande zote. Liko Kerameikos, mtaa wa Athene, karibu na Lango Takatifu ambamo mto Eridanos ulipita pamoja na barabara ya kwenda Eleusis.

Malango mawili ya ndoto ni yapi?

Penelope, mke wa Odysseus, katika kitabu cha 19 cha Odisea, utenzi mwingine wa Homer, anasema ndoto hupita malango mawili. Zinazopita lango la pembe hutimia, zinazopita lango la pembe za ndovu hudanganya. Kigiriki kinacheza na sauti: keras, pembe, inafanana na kraino, kutimiza, elephas, pembe za ndovu, inafanana na elephairomai, kudanganya. Mfasiri wa Kiswahili hapa ana kazi ngumu kweli, kwa kuwa kwetu zote ni pembe. Nimewahi kujaribu "lango la pembe ya ng'ombe" na "lango la pembe za ndovu". Maana imefika, mchezo umepotea.

Kwa nini madaktari wana maneno haya mwilini?

Sehemu ya chini ya tumbo, chakula kinapotoka kuingia utumbo, inaitwa pyloros, yaani bawabu. Hufunga na kufungua, ikipitisha kidogo kidogo. Sioni jina la kiungo lililo sahihi zaidi ya hilo.

Safari ya thyra ni ndefu zaidi. Katika Odisea, thyreos ni lile jiwe ambalo Kiklopi, jitu lenye jicho moja, anazibia pango lake. Baadaye neno hilo likawa jina la ngao kubwa yenye umbo la mlango, na ndiyo "ngao ya imani" ya Waefeso 6:16. Matabibu wakaona gegedu la kooni linafanana na ngao, wakaliita la umbo la thyreos, na mwaka 1656 Thomas Wharton akaipa tezi iliyo jirani nalo jina hilo hilo. Anayetibiwa tezi ya thairoidi leo amebeba shingoni mlango wa pango la Kiklopi.

Kiswahili na Kigiriki vina neno lolote la ukoo mmoja hapa?

Lipo moja, na nilipolijua nilifurahi siku nzima. Thyra ni ndugu wa neno la Kiajemi dar, mlango. Zote zimetoka katika lugha mama moja ya zamani sana. Waajemi walifanya kidogo cha dar wakapata dariche, kilango, kisha dirisha. Mabaharia wakatuletea, nasi tukasema dirisha. Wagiriki nao walifanya kidogo cha thyra wakapata thyris, ambayo pia ni dirisha: ndimo alimoketi Eutiko wa Matendo 20 hata akalala usingizi akaanguka kutoka orofa ya tatu. Kwa hiyo dirisha letu na thyris ya Luka ni binamu. Dar ya Dar es Salaam haimo katika ukoo huu, hiyo ni ya Kiarabu na maana yake ni nyumba au makao.

Nikitaka kuyaona maneno haya mwenyewe, nianze wapi?

Anza na Matendo 12, sura nzima. Petro anatolewa gerezani, anafika kwenye pyle ya chuma, lango la kutokea mjini, nalo linafunguka lenyewe. Kisha anakwenda nyumbani kwa Mariamu mama yake Yohana Marko na kubisha thyra ya pylon, mlango ulio katika lango la nyumba. Pyle, thyra na pylon, zote ndani ya mistari minne, kila moja mahali pake. Soma polepole uone: lango la chuma la serikali limefunguka bila kuguswa, na mlango wa marafiki bado umefungwa, kwa sababu kijakazi Roda ameitambua sauti ya Petro, akafurahi, akakimbia ndani kuwaambia watu, akasahau kufungua.